Kunyamazisha, kufuta, kurudisha au kuchuja: njia ipi ya jeni kwa protini zinazosafirisha ioni?

Anayeanza utafiti wa protini zinazopitisha ioni kwenye utando wa seli hukwama mapema kwenye swali moja: jeni niiguse vipi? Unaweza kuinyamazisha kwa siRNA, vipande vifupi vya RNA vinavyofanya mRNA ya jeni hiyo (nakala inayosomwa kutengeneza protini) ivunjwe. Unaweza kuifuta kwa CRISPR, ambapo protini ya Cas9 hukata DNA mahali ulipochagua. Unaweza kuirudisha ikiwa na mabadiliko uliyoyapanga, ndani ya seli isiyo na protini hiyo. Au unaweza kuzipitisha seli kwenye kichujio kinachoua zote zenye protini na kuacha zile zilizoikosa. Njia zote nne zinafanya kazi, ila kila moja inajibu swali lake, na wengi hugundua hilo wakiwa wameshatumia nusu mwaka.

Tutazilinganisha kwa kutumia protini moja, NHE1, yaani kibadilishaji cha sodiamu na protoni kilichomo karibu katika kila seli ya mamalia. Jeni yake kwa binadamu huitwa SLC9A1 na protini ina asidi amino 815: takriban 500 za mwanzo zimejikunja ndani ya utando na ndizo zinazosafirisha, zilizobaki ni mkia ulio ndani ya seli unaopokea amri. NHE1 huingiza sodiamu moja na kutoa protoni moja, kwa hiyo hakuna chaji inayosogea kwa jumla na elektrodi haitakuonyesha kitu. Utapima pH.

Vigezo vya kuchagulia

Cha kwanza ni kama seli inaweza kuishi bila protini hiyo. Cha pili ni nusu-maisha ya protini, kwa sababu kuzima jeni hakuondoi protini iliyokwishatengenezwa. Cha tatu, na hiki ndicho hupuuzwa sana, ni kiasi kinachobaki na kama kiasi hicho kinatosha kufanya kazi. Cha nne ni aina ya swali: unataka kujua protini inafanya nini kwenye seli, au sehemu fulani ya protini inafanya nini? Mwisho kuna muda, vifaa na usafirishaji wa vitendanishi. Kwa maabara ambayo oda inakaa njiani wiki kadhaa, tofauti kati ya siRNA iliyokaushwa, ambayo husafiri bila barafu, na protini ya Cas9 inayohitaji ubaridi njia nzima si jambo dogo.

Kipimo kiwe kimoja kwa njia zote

Ulinganisho hauna maana kama kila njia inapimwa kivyake. Pakia seli kwa BCECF-AM, rangi ambayo mng'ao wake hubadilika na pH, ya mikromolari 2 hadi 5 kwa dakika 15 hadi 30, kisha angaza kwa zamu nanomita 490 na 440 na usome mng'ao kwenye 535. Tumia bafa ya HEPES isiyo na bikaboneti ili wasafirishaji wa bikaboneti wasiingilie. Weka kloridi ya amonia milimolari 20 kwa dakika 5 hadi 10. pH ya ndani itapanda kwanza, kwani NH3 huingia haraka na kumeza protoni. Ukiiosha kwa bafa ambayo sodiamu yake imebadilishwa na kolini au NMDG (chembe zenye chaji chanya ambazo NHE1 haizibebi), NH3 hukimbia nje na kuacha protoni ndani; pH inaporomoka na kubaki chini kwa kuwa NHE1 haina sodiamu ya kubadilishana. Rudisha sodiamu ya takriban milimolari 130 na upime kasi ya pH kupanda.

Kasi hiyo ilinganishwe kwenye pH ile ile ya ndani. NHE1 huamshwa na protoni zenyewe, hivyo seli iliyoshuka hadi 6.4 itapanda haraka kuliko iliyoishia 6.8 hata kama zina protini sawa. Zidisha kasi kwa uwezo wa seli kubafa ndipo upate mtiririko halisi wa protoni. Rudia pia ukiwa na kariporaidi, dawa inayozuia NHE1, mikromolari 1: kiasi hicho huizima NHE1 karibu yote lakini huiacha NHE3, ndugu yake, ikiendelea, kwa hiyo kinachobaki kinakuambia kama kuna mwenzake anayesaidia.

Kalibra hufanywa kwa nigerisini, kemikali inayobadilishana potasiamu na protoni kwenye utando, mikromolari 10 kwenye bafa zenye potasiamu ya takriban milimolari 140, pH ya kila bafa ikijulikana. Nigerisini hung'ang'ania mirija ya plastiki na chemba. Kabaki kadogo tu katika jaribio linalofuata hupitisha protoni peke yake, na kasi zako zote zitakuwa za uongo. Tenga mirija ya kalibra, na chemba uioshe kwa ethanoli kabla ya maji.

Kunyamazisha kwa siRNA

*Inavyofanywa.* Panda seli kwenye sahani ya visima 6 zifunike asilimia 30 hadi 50 ya kisima. Ingiza siRNA nanomolari 10 hadi 30 kwa kitendanishi cha mafuta, badilisha midia siku inayofuata, na pima saa 72 baada ya kuingiza. Tumia angalau siRNA mbili zinazolenga sehemu tofauti za jeni, pamoja na moja isiyolenga jeni yoyote.

*Kinachobaki.* mRNA hushuka ndani ya siku moja, protini haishuki hivyo. Nusu-maisha ya NHE1 ni takriban saa 24. Chukua hali nzuri kabisa: utengenezaji umesimama saa 24 baada ya kuingiza siRNA, nawe unapima saa 72. Hapo zimepita nusu-maisha mbili, na kwa seli zisizogawanyika robo ya protini bado ipo. Kwa seli zinazogawanyika kila siku, mgawanyiko nao hupunguza, na utabaki na sehemu ndogo zaidi. Tatizo ni kwamba baada ya kushushwa pH, robo hiyo huamka na kufanya kazi kwa nguvu. Mtu aliyeonyesha kwa qPCR, kipimo cha kiasi cha mRNA, kwamba mRNA imeshuka asilimia 90, halafu akaona seli bado zinarudisha pH, hajathibitisha kwamba NHE1 haihusiki. Amethibitisha kwamba alipima mapema au alipima kitu kisicho protini.

*Panapoharibika.* Mafuta yenyewe huumiza seli, na seli iliyoumia huvujisha BCECF. Ukiona mng'ao wa 440 unashuka mfululizo, rangi inatoka nje. siRNA moja huweza pia kugusa jeni nyingine. Dawa yake ni kulenga sehemu ya mRNA iliyo baada ya kodoni ya kusimamisha, kisha kurudisha cDNA (nakala ya mRNA iliyoandikwa kama DNA) isiyo na sehemu hiyo: kazi ikirudi, ulikuwa umegusa jeni sahihi.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kupima jeni nyingi kwa haraka, anayefanya kazi na seli za msingi (zilizotolewa moja kwa moja kwenye kiungo) ambazo hazitagawanyika vya kutosha kutoa klono, yaani kundi la seli lililotokana na seli moja, na anayechunguza protini ambayo seli haiwezi kuishi bila hiyo.

Kufuta kwa CRISPR

*Inavyofanywa.* Chagua RNA mwongozo ya herufi 20 inayofuatiwa na NGG kwenye DNA. Cas9 itakata herufi tatu kabla ya NGG hiyo. Lenga eksoni (kipande cha jeni kinachobaki kwenye mRNA) iliyo katika nakala zote za mRNA, na iwe ndani ya sehemu inayosafirisha. Usilenge mwanzo kabisa, ambako ATG inayofuata inaweza kuanzisha protini fupi inayofanya kazi. Miongozo miwili inayokata kipande cha herufi mia kadhaa hurahisisha mambo, kwani PCR ya kawaida kwenye jeli itakuonyesha upungufu. Protini ya Cas9 iliyokwisha kuunganishwa na mwongozo huondoka kwenye seli ndani ya siku chache. Plasmidi, yaani duara dogo la DNA linaloifanya seli itengeneze Cas9 yenyewe, hukaa zaidi na kuongeza nafasi ya kukata mahali pasipotakiwa.

Baada ya siku mbili au tatu, tandaza seli kwa wastani wa nusu seli kwa kisima kwenye sahani ya visima 96. Kwa hesabu ya Poisson, takriban visima 38 vitakuwa na seli, na karibu robo ya hivyo vitakuwa na zaidi ya seli moja. Vikague kwa darubini siku ya kwanza na uviandike; baada ya wiki huwezi kujua tena.

*Hatari ya midia ya njano.* Hapa ndipo wengi wanaofuta NHE1 hukosa klono bila kujua sababu. Seli isiyo na NHE1 hukua vibaya kwenye midia iliyoshuka pH, hasa bikaboneti ikiwa haba. Visima vya sahani ya 96 ni vidogo. Koloni ikishanona, midia hugeuka njano, dalili kwamba pH imeshuka. Katika kisima chenye seli mchanganyiko, zile zilizobakiwa na aleli (nakala ya jeni) moja nzima huendelea na zilizofutwa hufa. Matokeo yake unapata klono ishirini nzuri, zote zina protini, na unalaumu mwongozo. Weka midia yenye bikaboneti ya kutosha na pH ya 7.4 au juu kidogo, ibadilishe kabla haijaanza kuwa ya machungwa, na uzikubali koloni zinazokua polepole. Mara nyingi hizo ndizo unazozitafuta.

*Kinachobaki.* Kikifanyika sawasawa, hakuna kinachobaki. Lakini theluthi moja ya urefu unaowezekana wa vifuto au viongezeko vinavyotokea seli inapoziba mkato ni wa herufi zinazogawanyika kwa tatu, na hizo huacha mpangilio wa kusoma ukiwa mzima. HEK293 na HeLa, seli za binadamu zinazotumika sana maabara, zina nakala zaidi ya mbili za kromosomu nyingi, kwa hiyo soma mfuatano wa kila aleli: weka zao la PCR kwenye plasmidi na usome koloni kumi au zaidi. Usiiamini peke yake bloti, yaani kipimo cha protini kwa jeli na kingamwili. Kingamwili nyingi za NHE1 hushika mkia. Protini iliyopoteza mkia haitaonekana kwenye bloti, na bado inaweza kuwa imekaa kwenye utando.

*Panapoharibika.* Wiki kadhaa bila NHE1 zinaipa seli muda wa kujifidia, mathalani kwa kuongeza wasafirishaji wa sodiamu na bikaboneti. Pima kwenye bafa ya HEPES na pia kwenye bafa yenye bikaboneti na CO2 asilimia 5. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo itakayoonyesha fidia. Lete klono mbili au tatu zilizotoka kwenye miongozo tofauti, na klono za seli za asili zilizopitia utandazaji ule ule. Kulinganisha klono iliyofutwa na kundi la seli mama ambalo halijawahi kutandazwa si haki, maana klono mbili za asili nazo hutofautiana.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji jibu safi la "ipo au haipo", anayetaka seli za kudumu za maabara, na mwenye miezi miwili hadi mitatu. Haimfai anayechunguza pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye seli ambayo sehemu yake ya alfa, inayosukuma ioni, ni ya aina ya alfa 1 pekee. Ukifuta jeni ya alfa 1 hapo, klono utakazopata ni zile ambazo hazikufutwa.

Kurudisha jeni kwenye seli isiyo nayo

*Inavyofanywa.* Unaanza na seli isiyo na NHE1: PS120 iliyotokana na seli za mapafu za hamsta wa China, AP-1 iliyotokana na seli za CHO (za ovari ya hamsta huyo huyo), au klono uliyoifuta mwenyewe. Unaingiza cDNA yenye badiliko unalolichunguza kwa plasmidi, kisha unachagua seli za kudumu kwa G418, dawa inayoua seli zisizo na jeni ya ukinzani iliyo kwenye plasmidi, kwa kawaida mikrogramu 400 hadi 800 kwa mililita. Kiasi halisi utakipata kwa kuchora kwanza mchoro wa vifo vya seli zako zisizo na plasmidi. PS120 ikiwa tayari imebeba ukinzani wa dawa fulani kutokana na kazi iliyotangulia, badilisha dawa.

Kwa nini seli iwe tupu? NHE1 hukaa kwa jozi. Ukiingiza protini yenye badiliko kwenye seli yenye NHE1 yake, utapata jozi mseto, na kasi utakayopima haitakuwa ya upande wowote.

*Kinachobaki.* Swali hapa linageuka: kilichoongezwa ni kiasi gani, na kimefika wapi? Kwenye bloti NHE1 hutoa mstari wa takriban kilodaltoni 110, ambao ni protini iliyokomaa na kupata sukari zake, na mwingine wa karibu 85 ambao bado uko njiani ndani ya seli. Promota (swichi ya kuwasha jeni) kali kama ya virusi vya CMV hujaza kiwanda cha seli, na mstari wa 85 hunenepa. Badiliko linaloonekana kuua usafirishaji huenda limezuia tu protini isifike kwenye utando. Weka alama ya bayotini kwenye protini za nje ya seli, zinase, na ugawanye kasi ya usafirishaji kwa kiasi kilicho kwenye utando. Ulinganishi mzuri upo: ukibadili asidi ya glutamiki ya nafasi ya 262 kuwa isolusini, protini hufika kwenye utando lakini haisafirishi.

Usichemshe sampuli kwa nyuzi 95. Protini zenye vipande vingi vya utando hushikana na kukwama juu ya jeli, halafu unaandika kwamba hakuna protini. Nyuzi 37 kwa nusu saa zinatosha.

*Panapoharibika.* Kuna njia nzuri ya kuchagua seli zilizopokea NHE1 bila dawa: zipe kloridi ya amonia milimolari 50 kwa saa moja, kisha bafa yenye sodiamu isiyo na bikaboneti kwa saa nyingine, na urudie mara chache kwa wiki. Zisizo na kibadilishaji hufa kwa asidi. Ni njia bora kwa protini ya asili, na ni mtego kwa protini dhaifu, kwa sababu zitakazopona ni zile zilizotengeneza protini nyingi kupita kiasi hadi zikafidia udhaifu, nawe utatangaza kwamba badiliko halina athari. Kwa mabadiliko usiyoyajua nguvu yake, chagua kwa G418 pekee.

Kama seli zako za CRISPR bado zina Cas9, badili herufi za NGG kwenye cDNA bila kubadili asidi amino, la sivyo unachoingiza kitakatwa.

*Inamfaa nani.* Anayeuliza kuhusu asidi amino fulani, sehemu ya mkia, mahali panapofungwa na dawa, au badiliko lililoonekana kwa mgonjwa.

Kuchuja kwa kifo cha protoni

*Inavyofanywa.* Mbinu hii ilichapishwa mwaka 1984 na kundi la Jacques Pouysségur huko Nice, Ufaransa, na ndiyo iliyozaa PS120. Seli hujazwa lithiamu kwa kuwekwa kwenye kloridi ya lithiamu ya takriban milimolari 130 kwa saa 2, kisha huhamishiwa kwenye kloridi ya kolini yenye pH 5.5, isiyo na sodiamu wala lithiamu, kwa takriban nusu saa. NHE1 hubeba lithiamu kama inavyobeba sodiamu, kwa hiyo sasa inageuka: inatoa lithiamu na kuingiza protoni. Seli yenye kibadilishaji hujiua kwa asidi, isiyo nacho hupona. Seli tupu zilizopatikana kwa namna hii ndizo zilizowezesha jeni ya NHE1 ya binadamu kunaswa na kutangazwa mwaka 1989, bila mtu kujua mfuatano wake mapema.

*Kinachobaki.* Mzunguko mmoja huacha seli nyingi zenye protini ambazo hazikupakia lithiamu vizuri, hasa zilizobanana kwenye vishada. Zitandaze kwa nafasi na urudie mizunguko.

*Panapoharibika.* Ukitumia kemikali ya kusababisha mabadiliko, kama EMS, utakuwa na mabadiliko mengine kwenye jenomu usiyoyajua. Siku hizi matumizi yake bora ni kusafisha: kata kwa CRISPR, kisha pitisha kundi zima kwenye lithiamu na kolini kabla ya kutandaza. Visima vyenye seli zilizofutwa vitaongezeka bila kuhitaji mashine ya kuchagua seli moja moja.

Pampu ya sodiamu na potasiamu ina kichujio chake, nacho ni cha busara sana. Alfa 1 ya panya haishikwi vizuri na wabaini, sumu inayoizima pampu hiyo, kwa sababu ya asidi amino mbili zilizo kwenye miisho ya kitanzi cha kwanza cha nje. Ya binadamu hushikwa. Ingiza alfa 1 ya panya kwenye HeLa, weka wabaini mikromolari 1, na ndani ya siku chache seli zinazoishi ni zile zinazotegemea pampu ya panya. Umebadilisha protini ambayo seli haiwezi kuishi bila hiyo, na sasa unaweza kuingiza pampu ya panya yenye badiliko lolote, ilimradi bado inasukuma kiasi cha kuiweka seli hai. Wabaini ni sumu ya moyo. Vaa glavu na usiipime unga wake nje ya kabati la hewa.

*Inamfaa nani.* Mwenye protini inayoweza kugeuzwa iwe sababu ya kifo au ya uhai, na asiye na mashine ghali. Kwa protini isiyo na sumu wala dawa inayoitofautisha, njia hii haipo.

Uchague kwa hali uliyonayo

Una wiki tatu na jeni kumi za kushuku: nyamazisha zote kwa siRNA, pima protini na pH saa 72, na zilizoonyesha dalili zipeleke kwenye CRISPR. Una jeni moja, seli zinazogawanyika vizuri, na unataka kusema kwa uhakika kwamba ndiyo inayorudisha pH: futa, lete klono kadhaa, kisha rudisha cDNA kwenye klono moja. Mrejesho huo usiuache hata muda ukibana, kwani bila huo hutaweza kutenganisha athari ya jeni na tabia ya klono.

Una badiliko la asidi amino moja: anza na seli tupu na bajeti ya kingamwili na bayotini, kwa sababu hapo kazi kubwa itakuwa kujua protini imefika wapi. Kama badiliko hilo linaathiri kiasi cha protini au ratiba ya kutengenezwa kwake, cDNA yenye promota ya virusi itakudanganya. Ni afadhali kuliandika kwenye jeni yenyewe kwa CRISPR na kiolezo cha DNA, ingawa klono zitakazofaulu zitakuwa chache.

Seli zako ni za msingi kutoka kwenye figo au moyo na hazitadumu: siRNA, au virusi vinavyobeba shRNA (RNA ambayo seli yenyewe huigeuza kuwa siRNA), na uongeze siku za kusubiri kwa kuwa hakuna mgawanyiko wa kupunguza protini. Protini yako ni pampu ya sodiamu na potasiamu: wabaini kwanza. Na kama umeme hukatika mara kwa mara na CO2 ya inkubeta haitulii, usianze kutandaza klono za seli zisizo na NHE1 mpaka hilo litengenezwe. CO2 ikipanda ovyo, pH ya midia inashuka, na seli za kwanza kufa ni zile zilizofutwa.